Ni Marufuku Kuubeza Mtama

Hapo kale, si kale hii ya juzi ambayo kila mzee anajidai aliiona, bali kale ambayo mbwa alikuwa bado hajaamua yuko upande wa nani, palikuwa na nchi isiyo na jina. Haikuwa na jina kwa sababu hakuna mtu aliyekaa mahali pamoja muda wa kutosha kuipa. Haikuwa na mpaka. Haikuwa na wimbo wa kusimamisha watu juani. Haikuwa na waziri hata mmoja, na bado watu walikula. Wenye elimu zao wanasema jambo hilo haliwezekani, kula bila waziri, kwa hiyo anayetaka kulihesabu uongo na alihesabu. Sisi tunaendelea.

Watu wa nchi hiyo walikuwa wakihama. Mizizi ikipungua hapa, wanahamia kule. Wakigombana hakuna kesi: mmoja anakunja ngozi yake ya kulalia, anavuka mto kwa ndugu wengine, hasira zikiisha anarudi. Mali yote ya mtu ilikuwa ile anayoweza kuibeba huku amembeba na mtoto.

Kati yao alikuwamo mjane mmoja, Nyamizi, mwembamba kama fito, mwenye ulimi ambao ungeweza kumchuna pundamilia bila kisu. Ulimi huo ndio uliokuwa heshima yake. Maana wale watu walikuwa na desturi moja nzuri kupita zote: mwindaji akiangusha mnyama, hasifiwi. Anabezwa. Hata alete pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mnono, mafuta yanamchuruzika mpaka kwato, watu watamzunguka yule pofu na kukunja pua kama wameitwa kwenye uvundo.

"Ng'wandu baba," Nyamizi angeanza, akimsukuma mnyama kwa kidole cha mguu, "hiki ulichotuitia ni nini? Panya aliyenyeshewa?"

"Panya ana nyama, mama," angedakia mwingine.

"Miguu yangu mimi mjane! Nimeipandisha mlima wote ule kuja kuangalia mbavu!"

Na Ng'wandu, ambaye alikuwa mwindaji hodari kuliko wote, angeinamisha kichwa na kujibu kama ilivyopasa: "Kweli mama. Si kitu. Nimewapotezea muda. Tuwaachie fisi, turudi zetu."

Hapo ndipo watu wote wangeangua kicheko, visu vikatoka, yule panya aliyenyeshewa akakatwa, na kila mtu akala akajilamba viwiko. Sababu yake ilijulikana na kila mtoto. Kijana ukimsifu leo kwa nyama, kesho atataka yeye ndiye achague nani ale paja. Keshokutwa atataka aitwe Mheshimiwa. Basi walimwosha kichwa mapema, damu ya mnyama ikiwa bado ya moto.

Watoto wachanga nao hawakuachwa. Mtoto akizaliwa haitwi jina lolote, anaitwa Kile tu, mpaka bibi yake mzaa mama amshike mikononi, amtazame, na ambeze. Akishabezwa ndipo anapewa jina, maana sasa anajulikana ni mtu kama watu.

Na msimu ule, binti pekee wa Nyamizi, Kabula, aliyeolewa na watu wa ng'ambo ya mto, alikuwa mjamzito. Walipoagana alimng'ang'ania mama yake mkono.

"Mama, ukwaju ukiiva uje. Usiniangushe. Huyu mama mkwe wangu ana huruma mno. Atamwita mwanangu mzuri."

"Thubutu!" alisema Nyamizi. "Nitakuja nimtukane mwenyewe."

*

Desturi ile, pamoja na uzuri wake, ilikuwa na tundu moja. Ilimbeza aliyepata. Aliyekosa haikumgusa, maana nani atakuwa na roho mbaya ya kumcheka mtu anayerudi mikono mitupu? Aliyekosa walimkatia kipande kizuri na kumwambia kwa upole, "Kula ndugu yetu, kesho nawe utapata."

Sasa palikuwa na bwana mmoja, Lubinza, mdogo wake marehemu mume wa Nyamizi. Macho alikuwa nayo, miguu alikuwa nayo, upinde wake ulikuwa mzuri kuliko pinde zote, ila mishale yake ilikuwa na mapenzi na miti. Tangu utotoni hadi mvi zinamtoka hakuwahi kuangusha hata kanga. Kwa hiyo hakuwahi kubezwa hata siku moja. Alizeekea kwenye maneno matamu. Kichwa chake kilikuwa hakijaoshwa tangu kuumbwa, na hakuna aliyeliona hilo. Historia nzima ikapita kwenye tundu hilo kama tembo apitavyo kwenye uzio wa fito.

Ikawa mwaka ule watu wamerudi kwenye kambi ya mwaka uliopita, na pale walipokuwa wakitupa makapi na mifupa, mtama umeota. Si jambo la ajabu. Wanawake walilijua tangu enzi: ukipukuta mtama wa mwituni mahali, mwakani unaukuta umekusubiri. Waliupita kila mara, wakachuma kidogo, wakaenda zao.

Lubinza hakuupita. Aliuona, akaganda. Akainama polepole, akanyata upande ambao upepo hautokei, akauchoma mkuki. Akaukosa. Akachoma tena.

"Haukimbii!" alipiga ukelele. "Jamani njooni! Nimepata mawindo yasiyokimbia!"

Watu walikuja, wakaangalia yale majani, wakamwangalia Lubinza amesimama juu yake amevimba kifua, machozi yanamlengalenga. Akawaomba jambo moja. Wasihame. Wakae naye siku chache tu, mpaka kitu chake kiive, wakile.

Ng'wandu alijikuna. "Mama, ukwaju karibu unaiva kule."

Na hapa ndipo Nyamizi alipokosea kosa ambalo vizazi vyote vinalilipia kwa mgongo. Alimwonea huruma. "Tumngojee shemeji yangu," alisema. "Mtu mzima hajawahi kupata kitu. Siku chache zitatuua?"

*

Siku chache zilipokwisha, zikaitwa zingine.

Mtama wa jalalani uliiva, ukawa hautoshi hata kumshibisha njiwa, basi ikaamuliwa usiliwe. Uchimbiwe ardhini ili uzae mwingi. Hapo watu walishangaa kidogo: chakula kimepatikana, kimezikwa, na wanaambiwa washerehekee. Aliyewaeleza ni Shigela. Katika mawindo Shigela alikuwa mpiga kelele, yule anayesimama upande wa pili na kubweka ili wanyama wakimbilie kwa wenye pinde. Mawindo yalipopungua akabaki na sauti tupu haina kazi. Lubinza akamfanya Msemaji.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Shigela siku ya kwanza, na watu wakageuka nyuma kuona ni nani anaitwa. "Enzi za kutangatanga kama nyumbu zimekwisha! Mlikuwa mnakifuata chakula, sasa chakula kitawafuata ninyi! Kaeni pamoja! Mkikaa pamoja, huduma zitawafikia!"

Huduma zikawafikia kweli, hilo tusiwanyime haki yao. Ya kwanza kufika ilikuwa panya. Ya pili viroboto. Ya tatu kikohozi, ambacho zamani kilikuwa kikimshika mtu mmoja kinafia njiani kwa kukosa wa kumrukia, sasa kikakuta watu wamelala mbavu kwa mbavu, nacho kikahamia rasmi. Maji ya kijito yakageuka rangi. Kila huduma ilipofika, Shigela alipanda juu ya kichuguu akaipongeza.

Kwa kuwa mtama hauliwi siku ulipopandwa, ikaundwa Wizara ya Kungoja. Waziri wake aliteuliwa kwa uzoefu: alikuwa mzito wa kuamka kuliko mtu yeyote aliyejulikana. Chini yake kukawa na Idara ya Kuinama, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kuanzia jua linapochomoza migongo yote inaelekea mbinguni. Zamani Nyamizi alikuwa akichimba mizizi asubuhi, mchana amekaa na wenzake wanasengenya. Sasa aliinama mpaka akasahau sura za watu, akawa anawajua kwa visigino.

Na wafanyakazi wa mtama walikula nini wakati mtama bado? Walikula vya porini, kama kawaida. Watoto na vikongwe walipelekwa msituni kwa siri kutafuta matunda na asali ya kuwalisha wale wanaozalisha chakula. Jambo hili liliitwa ruzuku. Ng'wandu alipoleta paa wawili ili watu wasife njaa katikati ya mafanikio, liliitwa ujangili, lakini waliliwa wote pamoja na ngozi.

*

Ukwaju uliiva. Harufu yake ilivuka mto na upepo wa jioni, ikamkuta Nyamizi amebeba jembe la mti begani. Akaenda langoni. Lilikuwapo lango, maana uzio wa miiba ulikuwa umeshajengwa kuwazuia swala wasiingie, na baadaye, kwa bahati njema tu, ikagunduliwa kwamba unawazuia na watu wasitoke.

"Shigela mwanangu, nifungulie. Naenda kwa Kabula, siku zake zimefika."

"Hongera sana mama! Taifa linafurahi pamoja nawe. Lakini tumepanda juzi tu. Ukiondoka, mtama utajisikiaje?"

"Utajisikia kama nyasi. Ni nyasi."

Shigela alitazama kushoto, akatazama kulia. "Mama, punguza sauti. Palilia kwanza. Palizi ikiisha, mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka mtoni."

Akapalilia. Palizi ikaisha. Akarudi langoni.

"Ndege, mama," alisema Shigela kwa huzuni. "Wameingia kwelea kwelea. Na hawa si ndege wa kawaida. Wametumwa."

"Wametumwa na nani?"

"Na wasioyapenda maendeleo yetu."

"Wametumwa na njaa, Shigela! Ndege anatumwa na tumbo lake, kama wewe!"

"Fukuza ndege kwanza, mama. Kisha utakwenda."

Akapanda dungu, akakaa juu yake tangu asubuhi anapiga makelele na kuzungusha kombeo. Alipokuwa huko juu akamwona mtafuta asali mmoja wa ng'ambo akipita nje ya uzio, akamwita.

"We baba! Kwa Kabula habari gani?"

"Kabula kajifungua salama, bibi! Mtoto wa kiume! Anaitwa Kile mpaka leo, wanakungoja wewe!"

"Na bibi yake wa huko?"

"Ameanza kumsifu macho."

Nyamizi nusura aanguke kwenye dungu. "Macho! Yarabi, mtoto anaharibiwa! Waambie nakuja! Waambie wamfunike uso nakuja!"

Lakini angeshuka aende wapi? Miiba ilikuwa mirefu kuliko yeye, na lango lilikuwa na vijana wanne wenye mikuki waliokuwa wakiitwa walinzi wa swala.

*

Sheria yenyewe ilikuja hivi. Punje za kwanza zilipoanza kushika maziwa, Ng'wandu alipewa aonje. Akatafuna, akatema, na kwa heshima zote, kama mtu aliyelelewa vizuri, akafanya yaliyompasa. Alimbeza mwenye mawindo.

"Lubinza kaka yangu, tumeinama msimu mzima kwa ajili ya mchanga?"

Watu wakaanza kucheka, tayari kudakia. Hakuna aliyedakia. Shigela alikuwa amepauka kama majivu. Maana Shigela hakuwa mjinga. Mtu anayeishi kwa kelele hujua thamani ya kimya. Aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Pofu ukimbeza, pofu yuko palepale, umbeze usimbeze, utamkata utamla. Lakini huu mtama bado haupo. Kilichopo ni sifa zake tu. Ukiziondoa sifa, watu watabaki wamesimama shambani na migongo inayowauma, wakiulizana wamekaa hapa kufanya nini.

Jua halijazama, tangazo likatoka: Ni marufuku kuubeza mtama. Ni marufuku kumbeza aliyeupanda, aliyeuota, na yeyote aliye chini ya kivuli chake. Atakayekosa atabeba jiwe la kusagia kichwani na kulizunguka shamba huku akiusifu, mpaka sifa zake ziaminike. Ng'wandu alizunguka mpaka shingo ikamwingia mabegani. Sifa zake hazikuaminika hata kidogo, ila walinzi walichoka kutembea naye.

Lubinza mwenyewe siku hizi hakuonekana. Alikuwa amejengewa nyumba ya udongo, ya kwanza duniani, isiyo na tundu la kutosha kupitisha upepo, na humo ndimo alimokaa, sasa akiitwa Mlinzi Mkuu wa Mbegu, kwa sababu za usalama. Dungu la Nyamizi lilikuwa nyuma ya ukuta wake. Kila jioni alimsikia Shigela akiingia kutoa taarifa.

"Watu wanasemaje juu ya mtama wangu?" Lubinza angeuliza.

"Wanausifu, Mheshimiwa."

"Wote?"

"Wote kabisa."

"Hata shemeji Nyamizi? Hakusema chochote? Hata... kidogo?"

"Huyo ndiye anayeongoza kwa kuusifu, Mheshimiwa."

Kisha ukafuata mguno mrefu, kama wa mtu aliyevimbiwa. Nyamizi huko juu alitema mate. Alidhani ni shibe.

*

Mavuno yakafika. Mashuke yakakatwa, yakapurwa, yakapepetwa, na chungu ya punje ikalala uwanjani mbele ya kihenge kipya, nyekundu, inang'aa. Lazima tuseme kweli: ilikuwa kubwa. Hakuna mtu aliyewahi kuona chakula kingi namna ile kimelala hakitoi uvundo.

Shigela alimfuata Nyamizi asubuhi, sura imejaa asali.

"Mama, leo utasoma shukrani za akina mama."

"Nitafanya nini?"

"Utasimama uusifu mtama mbele ya Mheshimiwa. Ulimi wako unajulikana mama, watu watakuamini. Usifu vizuri tu, na lango nitalifungua kwa mkono wangu. Mbele ya watu wote. Jua likitua leo umemshika mjukuu wako."

Nyamizi aligeuza uso upande wa mto. Alimfikiria Kile, amelala kule kwa watu wema, kichwa kinamvimba kwa sifa kila siku. Maneno machache, basi. Nani alishawahi kufa kwa kusema uongo? Wangekuwa wanakufa, Shigela asingefika mavuno.

"Lete hayo maneno nijifunze," alisema.

Watu walikusanywa uwanjani tangu umande haujakauka. Waliimba. Walikaa. Waziri wa Kungoja alitoa hotuba, akasinzia katikati yake, ikapigiwa makofi. Idara ya Kuinama ikainama. Ndipo Lubinza akatolewa nje, amefunikwa ngozi ya chui ambaye Ng'wandu ndiye aliyemuua, akaketishwa nyuma ya chungu ya mtama, macho yakimuuma kwa mwanga.

"Na sasa," alinguruma Shigela, "akina mama!"

Nyamizi alisimama. Akachota mtama gao moja, akaunyanyua watu wote waone. Maneno yalikuwapo kinywani, yamepangwa: Ee punje tukufu, mama yetu, baba yetu. Akamwangalia Lubinza ili amalize haraka.

Na Lubinza hakuwa anaangalia mtama. Alikuwa anamwangalia Nyamizi mdomo. Alikuwa ameegemea mbele, mikono imekamata magoti, kama mtoto anayengoja zamu yake mchezoni na kuogopa kwamba itarukwa tena. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Ilikuwa inarudia kitu kimya kimya.

Ndipo Nyamizi alipoelewa ule mguno wa jioni. Hakikuwa kiburi, wala haikuwa shibe. Huyu mtu alikuwa ameketi pembeni maisha yake yote akisikiliza wenzake wanavyobezwa, akijifunza lile jibu, akilihifadhi mpaka limepata kutu. Akapanda nchi nzima ili siku moja mtu asimame mbele yake akunje pua. Nao kumbe wamemletea makofi.

Alijua lango litafungwa. Alijua na jiwe la kusagia liko wapi. Lakini kuna mambo ambayo mtu hawezi kumnyima shemeji yake.

Akazinusa zile punje. Akakunja pua.

"Lubinza," alisema, "hiki ulichotuitia ni nini? Viroboto waliokaangwa?"

Walinzi wa swala wakakamata mikuki yao.

"Tumeinama mpaka tunajua visigino vya watu kuliko nyuso! Tumelala na panya, tumekohoa kama fisi, nikidhani mwisho wake nitaona chakula! Kumbe ni mavi ya mbuzi wa sisimizi! Ndege wamekuibia mwaka mzima, maskini, na hata wao nimewaona wakitema!" Akapuliza kiganja, punje zikatawanyika, zingine zikamwangukia Waziri, zingine zikamwingia Nyamizi mwenyewe kwenye mikunjo ya ngozi aliyovaa. "Ulivyokuwa unakosa swala, baba, tulikuwa tunashiba zaidi!"

Ng'wandu ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kama maji yaliyozibwa. Kikamfuata mwingine, na mwingine, mpaka walinzi wa swala wakaiegemea mikuki yao na kujishika mbavu. Msimu mzima wa kicheko kilichozuiwa kilitoka kwa wakati mmoja, na kikohozi ndani yake.

Lubinza alisimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ngozi ya chui, na uso wake, wasimulie waliouona, uling'aa kama uso wa kijana aliyeangusha pofu wake wa kwanza. Akainamisha kichwa. Akalitoa lile jibu.

"Kweli shemeji. Si kitu. Nimewapotezea muda. Tuwaachie ndege." Akapumua. "Turudi zetu."

*

Neno hilo lilipotoka, watu waliamka kweli. Miguu ilikuwa haijasahau. Ng'wandu alishika upinde. Wanawake walikunja ngozi. Kwa muda mfupi, wa kupepesa macho tu, nchi ile ilikuwa tayari kuhama na historia yote hii isingetukuta.

Kisha mmoja akauliza, "Jiwe la kusagia nani atalibeba?"

Wakalitazama jiwe. Mwingine akakumbuka vyungu vyake. Mwingine alikuwa ameloweka kimea cha pombe, kingekuwa tayari keshokutwa, ingekuwa dhambi kukiacha. Wa nne alikuwa na kuku aliyeatamia. Wakashauriana, wakaona waondoke, ndiyo, bila shaka, ila wamalize kwanza hiki kidogo. Wakakaa chini.

Shigela naye alikuwa ameshapanda kichuguu. "Ufafanuzi!" alinguruma. "Natoa ufafanuzi! Mheshimiwa hakusema turudi zetu! Mheshimiwa alisema tusonge mbele! Na kauli ya mama Nyamizi ni sifa za kimila, wasiojua mila wasipotoshe!"

"Nimesema turudi," alisema Lubinza.

"Mheshimiwa anatania!" alinguruma Shigela.

Lubinza akajaribu kwenda langoni kwa miguu yake. Walinzi walimpisha kwa heshima, wakamzunguka kwa heshima, wakamrudisha kwa heshima. Mlinzi Mkuu wa Mbegu hawezi kutoka, akitoka nani atamlinda? Wakamwingiza nyumbani kwake, wakaegesha mlango kwa nje. Hadi hapo nchi ilikuwa imeshapata mfungwa wake wa kwanza, na alikuwa ndiye mkuu wa nchi.

Katika rabsha hiyo hakuna aliyekuwa anaangalia lango. Nyamizi alipita akiwa amesimama wima, jambo ambalo mgongo wake ulilipinga, akafuata njia ile ilikotokea harufu ya ukwaju.

*

Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa. Alikuwa mnono, ana mashavu mawili kama mabuyu, na bibi yake wa upande wa baba alikuwa amemkalisha juani anamsifu nywele. Nyamizi hakusalimia mtu. Alimnyakua.

"Kabula! Ndiyo nini hiki? Nimevuka mto kwa ajili ya chura?"

Kabula alianza kucheka na kulia pamoja. "Kweli mama. Si kitu."

"Masikio haya aliazima kwa popo! Na hilo tumbo! Huyu atakuwa waziri, mtupeni!"

Kile aliyasikiliza hayo yote akiwa ametoa macho, kisha akampiga bibi yake kofi la mdomo. Watu wote wakaangua kicheko, wakasema huyu sasa ni mtu. Akaitwa Mabula. Jioni ile walimla nguruwe pori mmoja dhaifu, mbaya, asiyefaa hata kwa mbwa, wakamlamba mpaka uboho.

Nyamizi alikung'uta ngozi yake pale nyuma ya kibanda, akalala.

Wakahama, wakazunguka kama kawaida yao, na mwaka ulipogeuka wakarudi mahali palepale. Asubuhi moja Nyamizi alikuwa amekaa na mjukuu wake akamwona bwana mmoja wa watu wale amesimama nyuma ya kibanda, ameganda. Alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye upinde mzuri sana. Mbele ya miguu yake palikuwa na majani mabichi machache, yamejipanga pale ngozi ilipokung'utiwa. Yule bwana alikuwa ameinama kidogo. Mkuki wake ulikuwa unanyanyuka polepole.

"Kabula," alisema Nyamizi. "Yule pale ameshawahi kuua chochote?"

"Yule? Maskini, hajawahi, mama. Tangu utoto. Huwa tunamkatia kipande kizuri."

"Na kubezwa?"

"Mama jamani! Tumbeze kwa lipi?"

Nyamizi alikuwa ameshasimama, mtoto kiunoni, ngozi inaburuzika nyuma, anakimbia kama hana mgongo.

"Wewe!" alipiga kelele. "Wewe mwenye shingo ya kobe aliyefiwa! Hebu geuka hapa! Unalichoma jani mkuki? Jani! Na bado umelikosa!"

Yule bwana aligeuka, mdomo wazi, masikio yamemsimama. Hakuna mtu aliyewahi kusema naye hivyo maishani mwake. Akaanza kutabasamu bila kujua kwa nini.

"Usinichekee," alisema Nyamizi akihema. "Sema: kweli mama, si kitu."

"Lakini mama, hata sijakuonyesha..."

"Sema sasa hivi, mwanangu, ukiwa bado mfupi huo mtama."